Direktere mwenye majina mawili

Mpwa wangu alinirudishia simu akiwa amekunja uso. Tulikuwa uani, huku Katuba, Lubumbashi, makaa yameshika vizuri, dada yangu anasonga bukari, yaani ugali, na mimi nilikuwa nimempa mtoto simu ili anipe nafasi ya kupumua. Alikuwa akiangalia Simpsons, ile katuni ya Kimarekani, kwa Kifaransa, tafsiri ileile tuliyokua nayo sisi, ambamo yule jambazi mwenye nywele kama kilele cha mnazi anaitwa Tahiti Bob.

"Mjomba," akasema, "huyu direktere jina lake ni nani sasa?"

Nilijua mara moja ameangukia sehemu ipi. Nami nilipoiona mara ya kwanza niliuliza hivyohivyo, na hakukuwa na mtu wa kunijibu.

Kwanza neno lenyewe. Kwa Kifaransa Seymour Skinner, mkuu wa shule katika katuni hiyo, anaitwa "principal", cheo ambacho shule zetu hazina. Sisi tuna direktere wa shule ya msingi na prefe wa sekondari, na utotoni tulibishana sana ni yupi kati ya hao wawili. Bart, mtoto wa akina Simpson, yuko darasa la nne, kwa hiyo kwa sheria Skinner ni direktere. Lakini ile suti, ile mikono nyuma, vile anavyopita koridoni akitegea sikio milango ya madarasa, vyote ni vya prefe kabisa. Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, bado anasema prefe. Mimi nimebaki na direktere, na mpwa wangu amenirithi.

Sasa sehemu yenyewe. Ilirushwa Marekani tarehe 28 Septemba 1997, ya pili katika msimu wa tisa, na iliandikwa na Ken Keeler. Mji wa Springfield unamfanyia Skinner sherehe ya kutimiza miaka 20 kama mkuu wa shule. Hotuba, makofi, furaha. Anatokea mwanamume mmoja, anasema Seymour Skinner ni yeye. Na yule anayesherehekewa, badala ya kukataa, anainamisha kichwa na kukiri. Jina lake ni Armin Tamzarian, yatima wa Capital City, mhuni wa pikipiki aliyefikishwa mbele ya jaji na kuambiwa achague: jela, jeshi, au kuomba radhi. Akachagua jeshi. Anasema angejua kuna vita, angeomba radhi.

Huko Vietnam akawa chini ya sajenti aliyeitwa Seymour Skinner, mtu mwema, aliyemlea kama mdogo wake na kumweleza ndoto yake ya kurudi Springfield na kuongoza shule. Sajenti akapotea kwenye mapigano, ikaaminika amekufa. Armin akapewa kazi ya kumpelekea mama yake habari. Akafika mlangoni, Agnes akafungua, akamchukulia kuwa mwanawe, na maneno yakamkwama kooni. Akaingia ndani. Hakutoka tena.

Sajenti wa kweli, kumbe, alikuwa mateka miaka yote hiyo, na baada ya kambi ya mateka akatumikishwa katika kiwanda cha viatu vya michezo huko China. Anarudi, anakuta chumba chake, mama yake, kazi aliyoiota na jina lake vyote vina mtu.

Armin anaondoka kwa hiari, anarudi Capital City kwenye uhuni wake wa zamani ambao sasa haumkai vizuri. Skinner wa kweli anapewa shule. Na hapo ndipo Springfield inagundua kwamba haimpendi. Hana kosa. Ni mtu wa heshima, amepigania nchi, amerudi kwao. Ila hawamzoei, na Agnes anapomwamuru kama alivyozoea kumwamuru yule mwingine, huyu hakubali kuamriwa. Basi akina Simpson wanapanda gari pamoja na Agnes na mwalimu Krabappel kwenda kumrudisha wa bandia. Wa kweli wanamfunga kwenye kiti, wanampandisha juu ya treni, wanampungia mkono. Kisha Jaji Snyder anatoa amri: Armin atakuwa tena Seymour Skinner, kila kitu kitakuwa kama kilivyokuwa, na hakuna mtu atakayeligusia jambo hili tena, atakayeligusia atateswa. Mwisho.

Watazamaji wengi hawakusamehe. Harry Shearer, ambaye sauti ya Skinner ni yake, alisema wazi kwamba ni kosa kuchukua kitu ambacho watu wamekijenga kwa miaka minane au tisa na kukitupa jalalani bila sababu. Matt Groening, aliyeibuni familia ile, ameitaja miongoni mwa sehemu asizozipenda. Keeler ameitetea akisema kwamba ni hadithi ya watu wanaotaka mambo yabaki vilevile, na kwa kejeli fulani hasira ya watazamaji ikawa kama ushahidi wake. Mpaka leo ukikutana na mashabiki wa zamani, wapo wanaokwambia kwamba siku ile ndiyo katuni ilipoanza kuoza.

Nawaelewa. Lakini nadhani wamekaa msibani kwa asiye marehemu.

Wanasema Skinner waliyemjua, mnyoofu, mtumwa wa kanuni, mtoto wa mama, hawezi kuwa mwongo wa kiasi kile. Hivi kweli waliangalia? Mwaka mmoja na nusu kabla, Aprili 1996, kulikuwa na kile kipande kifupi ambacho sasa kinazunguka intaneti nzima, Skinner amemwalika mkubwa wake, Chalmers, kwa chakula cha mchana. Nyama inaungua jikoni. Skinner anatoka dirishani, anakimbilia mgahawa wa ng'ambo ya barabara, ananunua hambaga, anazipanga kwenye sinia kana kwamba amezipika mwenyewe. Chalmers anauliza, Skinner anadanganya. Jibu halikai, analishikilia kwa uongo wa pili. Wa pili unayumba, analeta wa tatu: kwamba hambaga huitwa "steamed hams", nyama za mvuke, huko Albany, kwamba ni mapishi ya kale ya familia. Moshi wa jikoni ukiwaka mwekundu nyuma yake, anasema ni zile taa za mbinguni za ncha ya kaskazini. Saa ile ya mchana, majira yale ya mwaka, ndani ya jikoni yake. Chalmers anaomba kuziona. Anajibiwa hapana.

Na sauti ya mama inatoka juu: Seymour, nyumba inaungua! Naye anajibu, bila hata kupepesa, kwamba ni zile taa za kaskazini tu.

Mtu huyo unaniambia hawezi kusimama mlangoni kwa mama wa mwenzake, ashindwe kusema habari ya msiba, na aishi ndani ya uongo huo miaka 20? Huyo ndiye hasa! Skinner hadanganyi kwa tamaa. Anadanganya kwa woga wa kumuudhi aliye mbele yake, halafu heshima yake inamfunga asirudi nyuma. Keeler hakumgeuza mhusika. Alichukua tabia iliyokuwapo, akaipa chanzo.

Hata lile jina linaloitwa la kweli ni la kuazima. Waandishi walimpa jina la B. F. Skinner, yule mwanasaikolojia wa panya na njiwa waliofundishwa kwa zawadi ya chakula. Kwa direktere wa shule, mzaha mzuri.

Kuna jingine linalonishangaza kwa hao wenye hasira. Historia ya Skinner imefutwa kwa njia nyingine, polepole, na hakuna aliyepiga kelele. Simpsons ilianza tarehe 17 Desemba 1989, na Skinner yumo tangu siku hiyo ya kwanza. Bart ana miaka 10 tangu wakati huo. Vita vya Vietnam viliisha 1975. Mwaka 1989 mkuu wa shule mwenye miaka arobaini na kitu, aliyepigana Vietnam, ni hesabu safi kabisa. Leo umri wake ni uleule na vita ni vilevile, na hesabu haitoki hata uipige kwa kikokotoo. Wakati waandishi walipoona mwanya kama huo kwa Homer na Marge, wazazi wa Bart, mwaka 2008 walihamisha ujana wao wote hadi miaka ya 1990, wakati sehemu ya 1991 ilikuwa imetuonyesha wakikutana shuleni mwaka 1974. Mashabiki walinung'unika, maisha yakaendelea. Kalenda ilimla Skinner mzima, na kalenda haina Ken Keeler wa kulaumiwa.

Kwa hiyo swali langu ni jingine. Mtu akigundulika kuwa na historia tofauti na tuliyoijua, tuifanyie nini historia ile ya kwanza?

Hapa Lubumbashi swali hilo si la katuni. Mji wenyewe ulikuwa Élisabethville hadi 1966. Jimbo lilikuwa Katanga, likawa Shaba, mwaka 1997 likawa Katanga tena, na 2015 likakatwa vipande. Tarehe 17 Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila alijitangaza rais akiwa hapahapa mjini, na Zaire ikawa Kongo. Tulilala Wazaire, tukaamka Wakongo. Pesa nazo zikafuata mwaka 1998. Miezi minne baada ya siku ile ya Mei, Wamarekani walikuwa wakigombana kwa sababu direktere mmoja wa katuni amebadilishwa jina. Sisemi hili kuwacheka. Nasema tu kwamba sisi tulikuwa na mazoezi.

Chukua Mazembe, klabu yetu ya mpira. Mwaka 1939 watawa Wabenedikti walianzisha timu ya vijana iliyoitwa Saint-Georges. Majina yakapita, hadi ikawa Englebert, jina la matairi, na kwa jina hilo, Tout Puissant Englebert, ikachukua ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na tena 1968. Halafu ikaitwa Mazembe. Mazembe ikachukua ubingwa uleule 2009, 2010 na 2015. Sasa nenda baa yoyote ya Kenya, mtaa wa hapa mjini na si ile nchi, uwaambie mashabiki wa Kunguru, jina la utani la Mazembe, kwamba Mazembe ina vikombe vitatu tu, viwili vingine ni vya Englebert. Nenda. Nitakusubiri nje, karibu na teksi.

Vikombe ni vitano. Kila mtu anajua ni vitano, na kila mtu anajua pia kwamba viwili vya kwanza vilichukuliwa kwa jina jingine. Wazee wengine wanalitaja Englebert kwa upendo, kama mtu anavyolitaja jina la utani la ndugu. Jina la zamani halikufutwa. Lilihesabiwa, likawekwa kabatini pamoja na vikombe vyake.

Na kuna mama yangu. Alibatizwa kwa jina la Kizungu, akasoma kwa jina hilo, na mwaka 1972 serikali ilipoyapiga marufuku majina ya ubatizo, akapewa la kienyeji. Diploma yake ya ualimu ina hilo la kienyeji. Kuanzia miaka ya 1990 watu wengi walirudia majina yao ya zamani, naye akarudia lake, nusunusu: kwenye karatasi hii lipo, kwenye ile halipo. Miaka kadhaa iliyopita ofisi fulani ya hapa mjini ikamwambia alete uthibitisho kwamba hao watu wawili ni mtu mmoja. Karatasi aliyotakiwa kuleta ilitoka kwenye ofisi nyingine, na hiyo nyingine ilitaka karatasi ya ile ya kwanza. Nilimsindikiza mara tatu. Mara ya nne akachoka, akamchukua dada yake mkubwa.

Karani, kijana mwenye kalamu sikioni, akamuuliza mama mkubwa: "Unamfahamu huyu?"

Mama mkubwa akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama anaufahamu mguu wake. Akamgeukia mama yangu, akamwita kwa jina la tatu, lisilo kwenye karatasi yoyote, jina la utotoni ambalo sisi watoto haturuhusiwi kulitumia. "Njoo ukae hapa, kijana huyu hana adabu."

Mama akaenda kukaa. Karani akaandika.

Nilikumbuka siku hiyo nilipoirudia sehemu ya Skinner juzi, kwa sababu ndani yake kuna tukio linalofanana nalo mno, na wenye hasira hawalitaji. Ni pale gari linapofika Capital City. Armin anajaribu kueleza kwamba yeye si mwana wa mtu, kwamba ameishi uongo, kwamba sasa ni mtu huru. Agnes haleti hoja. Anamwamuru aingie garini. Na yeye, mhuni wa pikipiki, anaingia. Hapo hakuna cheti wala jaji, ila sauti inayojua itatiiwa na mtu anayejua ataitii. Kama unatafuta mwendelezo wa Skinner, kile kilichokuwapo kabla ya 1997 na kilichobaki baadaye bila kuguswa, kiko ndani ya gari lile.

Mwendelezo wa mhusika wa pembeni unashikwa na wanaomzunguka kuliko wasifu wake. Ukitaka ushahidi zaidi, rudi sehemu ya mia moja, Aprili 1994. Bart analeta mbwa shuleni, vurugu inatokea, Skinner anafukuzwa kazi na kurudi jeshini, na nafasi yake anapewa Ned Flanders, jirani wa akina Simpson, ambaye wema wake unaiacha shule bila nidhamu wala utamu. Na Bart, adui yake mkubwa, ndiye wa kwanza kumkosa. Wanakuwa marafiki, na Skinner anaporudi kazini wote wawili wanaelewa kwamba lazima wawe maadui tena. Bart anamhitaji Skinner mwenye kumnyemelea. Chalmers anamhitaji wa kumkaripia. Agnes anahitaji wa kumpigia kelele. Ukivuta nyuzi hizo zote, anayebaki katikati ni Skinner, hata umwandike Tamzarian, Mutombo au Kalala.

Agnes mwenyewe ana deni lake katika hesabu hii. Sehemu moja ya mwaka 2010 inatuonyesha chanzo cha ukali wake: alikuwa mwanariadha, akiwa mjamzito kwenye Olimpiki ya 1952, na mtoto tumboni akapiga teke lililoangusha ufito aliokuwa anauruka. Ndoto ikaishia hapo, na Seymour akalipia maisha yake yote. Sawa. Lakini ukiweka hadithi hiyo kando ya ile ya 1997, unapata jambo ambalo sidhani waandishi walilipanga: aliyepiga teke ni sajenti, na anayeadhibiwa kwa miaka yote hiyo ni Armin. Yatima wa watu analipa deni la teke asilolipiga! Mimi ningeipa hiyo sehemu nzima. Ningetaka kumwona Agnes akilijua hilo na akiendelea kumpigia kelele vilevile.

Na hapo ndipo mimi nami napata hasira yangu. Ile amri ya Jaji Snyder ni mzaha, najua. Ni waandishi wakijicheka kwamba katuni yao kila wiki hurudi pale ilipoanzia. Lakini mzaha ule uliwanyima chakula cha miaka. Hebu fikiria Skinner anayesikia pikipiki ikipita na kunyamaza kidogo. Fikiria Krabappel, aliyempenda na baadaye kuachana naye, akimwita Armin mara moja tu, katika ugomvi, kisha wote wawili wakashtuka. Krabappel hayupo tena. Marcia Wallace aliyempa sauti alifariki Oktoba 2013, na nafasi hiyo imepita. Tulichopata ni mzaha wa Januari 2004. Paka wa Lisa, dada wa Bart, anakufa, wanaofuata nao wanakufa, hatimaye anamchukua mwingine na kuamua kumwita kwa jina lilelile la wa zamani ili mambo yarudi kama kawaida. Skinner anapita, anasema hiyo si ni ulaghai? Lisa anamjibu kwamba huenda ni kweli, direktere Tamzarian. Na Skinner anaondoka zake.

Nimecheka sana pale. Lakini angalia wanachokifanya: jina la zamani sasa ni kisu, linatolewa ili mtu anyamaze. Mama yangu anazijua siku ambazo jina la ubatizo lilitamkwa chinichini kwa sababu sheria ililikataza. Amri za namna hiyo hazifuti jina, zinalihamishia mahali ambapo halitajwi ila kwa kuumizana au kwa siri. Englebert haikuwahi kupigwa marufuku kwenye baa za Kenya, ndiyo maana haiumi.

Haya yote, lakini, ni ya Armin, naye mwishowe alirudishiwa mama, shule, na jina. Amerudi nyumbani. Mashabiki wanapolalamika kwamba Skinner aliharibiwa siku ile, wanamzungumzia yeye, na yeye ndiye aliyepona.

Mpwa wangu alikuwa bado amesimama mbele yangu na simu. Nilimweleza yote, kwa kifupi kuliko hapa: kwamba direktere ana majina mawili, kwamba anayeitwa Skinner ni Armin, kwamba mama amemkubali na jaji amekubali na kila mtu amenyamaza. Akanisikiliza vizuri. Dada yangu akaleta bukari na sahani ya sombe, majani ya muhogo, akatuambia tunawe mikono.

"Na yule mwingine?" akauliza mtoto. "Wa kwenye treni?"

Nikamwambia alifukuzwa.

"Ndiyo, lakini alishukia wapi?"

Katika mji huu, watoto wanajua treni. Wanajua kwamba treni ikishaondoka inaweza kukaa njiani siku nyingi, na kwamba mtu aliyefungwa kwenye kiti, juu ya behewa lisilo na paa, atapigwa na jua na mvua kabla ya kituo chochote. Sajenti Skinner alikuwa mateka, akatumikishwa kiwandani, akarudi kwao na jina lake halisi, na mji mzima ukashirikiana kumfunga kamba. Hakuiba kitu. Kwa zaidi ya robo karne tumebishana kuhusu aliyebaki, na mtoto wa miaka 11 ndiye wa kwanza niliyemsikia akimuulizia aliyeondoka.

"Sijui," nikamwambia. "Hawakusema."

Akanawa mikono, akamega bukari, akachovya kwenye sombe. Kisha akaichukua tena simu kwa mkono ule mwingine, akarudisha nyuma hadi pale treni inapoondoka, akaisogeza karibu na macho, akitafuta kibao cha kituo.